Kalia Fremu Kwanza

Peres Obuya alikuwa na ugonjwa mmoja: akipata wazo zuri, hakuweza kukaa. Jumatatu hiyo alisimama katikati ya chumba cha mikutano, orofa ya tano pale Moi Avenue, akaongea dakika kumi na mbili bila kumeza mate. Mkurugenzi wao, Muchiri, alikuwa amempa dakika tano.

Kazi ya kampuni yao ilikuwa kutunga mafunzo ya kazini. Mtu akitaka walinzi wake wajue kuzima moto, au wahudumu wake wajue kupokea wageni, alipanda ngazi hadi kwao. Safari hii aliyepanda, akihema na kulaumu lifti, alikuwa Bi Hannah Kinyanjui, mwenyekiti wa umoja wa mafundi wa viti wa upande wa Ngong Road. Mashine za kupasulia mbao zilikuwa zinawakata mafundi wake vidole. Wanne mwaka huo pekee. Alitaka mafunzo, na hakutaka porojo.

"Tukifanya vile tumezoea," Peres alisema, "Bwana Ndeti ataandika kitabu. Miezi sita. Kurasa mia moja na arobaini, picha za rangi, sahihi za watu tisa. Halafu tunaita mafundi kwa ukumbi, wanakunywa chai, wanapigwa picha na cheti, kesho yake wanarudi kusukuma mbao na mkono vile walikuwa wanafanya. Si ndio?"

Ndeti ndiye aliyekuwa mtunzi mkongwe wa ofisi, na alikuwa ameketi pembeni, goti lake bovu limenyooshwa juu ya kiti cha pili. Vitabu vya namna hiyo alikuwa ameandika kumi na saba. Vyote vilikuwa kabatini nyuma yake, vimepangwa kwa mstari, visafi kama siku vilipotoka kiwandani, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kuvifungua.

"Sasa wewe unataka tufanyeje?" Muchiri akauliza.

"Agile. Vile watu wa software hufanya. Tunakata kazi iwe vipande vidogo. Wiki mbili, somo moja tu. Tunalipeleka kwa mafundi kabla halijaiva, tunaona vile wanalitumia. Likikataa, tunajua mapema, tunalirekebisha, tunalirudisha. Likikubali, tunaenda kwa lingine."

"Somo mbichi unampelekea client?"

Hapo ndipo Peres alipotoa silaha yake. Alikuwa ameihifadhi tangu asubuhi na ilikuwa inamwasha.

"Baba yangu ni fundi wa sofa Dagoretti Corner, miaka thelathini sasa. Hajawahi kumalizia mtu kiti bila kumwita. Akishapiga fremu, kabla ya sponji, kabla ya kitambaa, anapiga simu: kuja ukae. Customer anakuja na suti yake, anakalia mbao tupu hapo kando ya barabara, watu wakiona. Anasema hapa mgongo unauma, hapa miguu haifiki chini. Baba anang'oa misumari miwili, anarekebisha, imeisha. Lakini ukingoja mpaka kitambaa kishonwe ndio mtu akae, ooh, utang'oa kila kitu na utalia."

Muchiri alijishika kiuno bila kujua. Nyumbani kwake kulikuwa na sofa iliyomtesa tangu mwaka aliooa, nzuri ajabu kwa macho, na hakuna aliyeikalia kabla haijavishwa.

"Wiki mbili," alisema mwishowe. "Somo moja. Bi Hannah atapitia karakana utakayofundisha Ijumaa ya wiki ya pili, na hakuna mtu atawaambia mafundi kwamba anakuja kuangalia. Akipata wanafanya vile umewafundisha, bila wewe kuwasimamia, kazi yote ni yako na tutaifanya kwa njia yako. Akipata sivyo, Ndeti anaanza kitabu Jumatatu."

Peres alitoka pale mbio. Mtu angedhani ameshinda tayari.

Kufikia saa sita alikuwa amebandika karatasi kubwa ukutani na kuigawa sehemu tatu. Ya kwanza aliandika Bado. Ya pili, Inafanywa. Ya tatu aliandika Imekaliwa, na Muchiri alipouliza maana yake akajibiwa kwamba kazi haijaisha kwa sababu sisi tumechoka nayo, imeisha mtu akiikalia. Kila kipande cha kazi kilikuwa na kikaratasi chake cha rangi cha kunata, nacho kingehama kutoka sehemu moja hadi nyingine. Na kila asubuhi saa tatu wangekutana mbele ya ukuta huo kwa dakika kumi, wakiwa wamesimama, ili asiwepo wa kunogewa na mkutano. Ndeti alikubali kila kitu isipokuwa kusimama. Alikuja na kiti chake kila siku, na mto juu yake.

Somo walilochagua lilikuwa dogo kweli. Usisukume mbao kwa mkono msumeno ukizunguka, sukuma kwa kijiti. Basi. Kijiti chenyewe ni kitu cha kawaida, urefu wa mkono hadi kiwiko, kimechongwa pengo kwenye ncha ili kiikamate mbao na kuisogeza huku vidole viko mbali. Walitengenezesha vitano, vya mviringo, vya kulingana, wakavipaka rangi ya manjano inayoonekana toka ng'ambo ya barabara. Walivishika ofisini mmoja mmoja, wakavisifu. Peres alitunga maelezo ya dakika saba yenye utani mwingi na mchoro mmoja mkubwa. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo alikuwa Dagoretti Corner na vijiti vyake kwapani, moyo unamdunda kwa raha.

Karakana aliyoichagua ilikuwa ya baba yake. Ndeti alimtania kwamba anaenda kufanya mtihani nyumbani, lakini ukweli ni kwamba hapakuwa na pagumu zaidi. Mafundi watano waligawana banda moja la mabati na mashine moja, na mkubwa wao alikuwa Mzee Dalmas Obuya. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu: gumba, cha shahada na kile kidogo cha mwisho. Viwili vya katikati vilikwenda na msumeno Peres akiwa darasa la sita. Alikumbuka baba akiingia nyumbani Waithaka adhuhuri, saa ambayo hakuwahi kurudi, mkono umezungushiwa kitambaa cha sofa cha maua. Tangu siku hiyo mkono ule uliishi mfukoni. Kanisani mfukoni, kwenye picha mfukoni. Nyumbani hakuna aliyeuzungumzia, si mama, si yeye, na ulikuwa umepita mwaka wa kumi na saba.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini Peres hakuweza kukaa. Alitaka kuongoza kazi ile, na sana. Lakini zaidi ya hayo vilikuwa vimebaki vidole vinane, na baba yake bado alikuwa anasukuma mbao kwa mkono mtupu.

"Karibu, mama," Mzee Dalmas alimwambia. Alimwita mama kwa sababu Peres alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Dalmas. "Leo wewe ndio mwalimu, sisi ni wanafunzi. Usituchape tu."

Somo lilikwenda vizuri kupita kiasi. Mafundi walicheka palipostahili kucheka. Njuguna, mwenye meza ya kwanza kutoka barabarani, alijaribu kijiti akasema kiko fiti. Walipiga makofi. Mzee Dalmas alisikiliza toka mwanzo hadi mwisho ameketi juu ya fremu ya kochi, mkono wa kulia umo kwenye mfuko wa aproni yake, na mwisho akaitikia kwa kichwa kwa heshima kama mtu aliyesikiliza mahubiri ya kanisa lisilo lake.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda mjini, Peres alipitia pale.

Vijiti vyote vitano vilikuwa ukutani. Mtu alikuwa amepiga misumari mitano kwa mstari ulionyooka na kuvitundika kwa kamba, na juu yake akavifunika kwa nailoni visiingie vumbi. Vilikuwa visafi. Havikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Njuguna, sasa?"

"Poa, mwalimu."

"Mbona hizi vitu hazijaguswa?"

Njuguna alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si hizo ni za ofisi? Moja ikipotea ama ikikatika si tutaulizwa. Tumeziweka vizuri, usijali."

"Lakini niliwaletea mzitumie!"

"Zitumiwe na nani?" Njuguna akachukua nyundo yake, akamwonyesha mpini uliopakwa mstari wa buluu. Akamwonyesha patasi yake, buluu. Randa, buluu. Akamwonyesha nyundo ya jirani, mistari miwili myekundu. Katika banda lile hakuna kifaa ambacho hakikuwa na alama ya mwenyewe, na hakuna fundi mwenye adabu aliyeshika kifaa cha mwingine bila kuomba. "Hiyo ya manjano, zote ziko manjano. Hazina mwenyewe. Sasa nitaomba nani?"

Peres alicheka. Akacheka mpaka muuza chai wa ng'ambo akatoka kuangalia, akamshika Njuguna mkono akautikisa kana kwamba amemzawadia kiwanja, akatoa simu papo hapo.

"Boss, imefeli!" alipiga kelele juu ya honi za pale kwenye makutano. "Imefeli kabisa, hakuna hata mmoja ameshika!"

"Na mbona unafurahi?"

"Kwa sababu ni Jumatatu! Ni siku ya nne tu tangu tuwafundishe! Kitabu kingetuambia hivi mwaka ujao!"

Hata Muchiri upande wa pili alisikika akicheka, ingawa alijizuia haraka. Peres alifika mjini akiwa na karatasi tatu za maelezo na jibu tayari kichwani: kila fundi apewe cha kwake, chenye alama yake. Alisimama mbele ya ukuta saa tatu kamili, akakirudisha kikaratasi cha vijiti toka Inafanywa hadi Bado, akaeleza habari za mistari ya buluu na myekundu kwa mikono yote miwili.

Ndeti alimsikiliza toka kwenye mto wake. Alipomaliza, akainua kidole kimoja.

"Ngoja. Hicho kijiti, kabla kipakwe rangi, nani alikishika?"

"Sisi sote. Wewe mwenyewe ulikishika."

"Mimi nilikishika, eeh. Muchiri alikishika. Wewe ulikishika." Ndeti alihesabu polepole, na kwa mara ya kwanza tangu waanze hakuwa na kejeli sautini. "Sote tuna vidole kumi, Peres. Mzee wako alikishika?"

Peres alihisi uso unawaka moto. Aliyaona yote kwa mara moja: kijiti cha mviringo, chembamba, laini kwa rangi, mkono wa gumba, shahada na kidogo, katikati wazi. Kingemponyoka. Msumeno ukigonga fundo la mti kingezunguka mkononi na kumvuta. Kwa mkono ule mbao tupu ilikuwa salama zaidi kuliko kijiti chake kizuri cha manjano, na baba yake alilijua hilo tangu Alhamisi, akakaa kimya. Yeye Peres, aliyewahubiria watu wa mjini habari za kukalisha mteja kwenye fremu, alikuwa hajamkalisha baba yake mzazi.

"Niliona aibu kumuuliza," alisema. Hakuwa amepanga kulisema.

"Basi tafuta somo ambalo halimuulizi," Ndeti akasema, akarudi kwenye chai yake.

Alitafuta. Alitafuta siku nzima ya Jumanne, akibandika na kubandua vikaratasi vyake hadi nyumbani, na jioni mezani kwao Waithaka alimtazama baba akimega ugali kwa gumba na shahada, swali likamfika kooni likakwama papo hapo. Mama yake alimuuliza kama ni mwiba wa samaki. Lakini alipoamka Jumatano somo lilikuwa limekamilika kichwani, na furaha ya Jumatatu imemrudia mara mbili.

Hakubeba kijiti hata kimoja. Alibeba penseli tano.

"Leo sina cha kuwafundisha," aliwaambia. "Vile vya manjano sahauni. Kila mtu aokote kipande chake cha mbao hapo chini, ajikatie kijiti cha mkono wake. Mnajua mbao kuliko mimi. Mimi nataka tu ncha iwe na pengo la kukamata. Kwingine kote ni wewe na mkono wako. Weka kiganja kwa mbao, chora, kata. Na uweke alama yako."

Lo! Banda lilichangamka kama siku ya kuchagua nguo za Krismasi. Njuguna alijichongea chenye mpini wa kupinda kama wa msumeno. Mwingine akataka kirefu kwa sababu yeye mrefu. Wakaanza kubishana kuhusu pengo, pana au jembamba, wakajaribiana, wakachekana, wakarekebisha, na katika yote hayo Peres hakufungua mdomo. Katika kazi yake yote hakuwahi kuona watu wakijifunza kwa kelele ya raha namna ile. Mikono ilikuwa inamwasha aandike.

Kisha zamu ikafika kwa Mzee Dalmas. Kipande cha mbao kilikuwa mbele yake, penseli juu yake. Wenzake, bila kukusudia ubaya, waliacha kuchonga, wakamtazama. Mkono wa kulia ulitoka mfukoni hadi nusu.

"Nina mteja," alisema. Akauokota mfuko wake wa misumari, akatoka nje, akaelekea upande wa stendi ambako hakukuwa na mteja yeyote.

Peres alijipiga kofi la paja. Kiganja! Kati ya njia zote duniani za kutengeneza kijiti, alikuwa amechagua ile ya kumwambia baba yake auweke mkono wazi mezani mbele ya watu.

Alhamisi ripoti mbele ya ukuta ilikuwa fupi. Vijiti vinne vimetengenezwa. Vinavyotumika, sifuri. Njuguna alikuwa ameeleza kwa simu, kwa sauti ya chini: "Mzee hajashika chake. Sasa mimi ndio nitaanza? Nitaonekana naogopa mashine. Yeye akianza, sisi wote tunatoa."

"So yote iko kwa mzee," Muchiri alisema.

"Yote."

"Na Bi Hannah anaenda kesho saa nne. Utaongea naye leo jioni?"

Peres alimgeukia Ndeti, hata yeye mwenyewe akashangaa kwamba amemgeukia. Ndeti alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Kitabu chake kilikuwa kinanukia. Lakini alitikisa kichwa.

"Usimwambie kitu. Customer akikaa kwa fremu, fundi huwa anaongea?"

"Hapana. Anangoja."

"Haya. Ngoja."

Na akangoja, yeye ambaye hakuwahi kungoja hata chai ipoe. Jioni ile Waithaka alikula, akaosha vyombo, akaongea habari za mvua. Baba alimaliza kula mapema, akasema anaenda nyuma ya nyumba kuangalia mlango wa kuku uliolegea. Peres alisikia tupa ikikwaruza mbao. Ulikuwa mlango wa kuku wa kutengenezwa kwa muda mrefu sana, lakini alishika ahadi, hakutoka kuangalia.

Ijumaa saa nne kasorobo Peres na Muchiri walikuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, wamejificha nyuma ya birika na mandazi. Bi Hannah alishuka kwenye teksi kwa kilemba cha kanisa na mkoba mkubwa, akavuka bila kuwatazama. Mama huyu alikuwa mjanja. Hakuuliza habari za mafunzo, hakuuliza vijiti. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Dalmas, wakasalimiana, sauti yake ikavuka barabara yote:

"Nataka miguu ya vistuli, Mzee. Minane. Mifupi, shibiri tu hivi. Nipasulie nikiona, nina haraka."

Peres alishika ukingo wa meza. Kila fundi anajua kwamba mbao fupi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haikuachii nafasi ya mkono. Ni mbao fupi iliyokula vidole vya baba yake.

Mashine iliwashwa. Hata toka ng'ambo mlio wake ulimwingia Peres kwenye meno. Njuguna na wenzake waliacha kazi. Mzee Dalmas aliweka ubao mezani, akaunyoosha, akaanza kuusukuma kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia, kama kawaida yake, ukaingia kwenye mfuko wa aproni.

"Hana," Muchiri alinong'ona. "Ah, Peres, pole. Hana."

Mkono ukatoka mfukoni. Ulikuwa umeshika kijiti.

Kilikuwa kifupi, kinene, cha rangi ya mbao tupu. Mzee Dalmas aliliweka pengo lake nyuma ya ule ubao, akausukuma hadi mwisho taratibu, vidole vyake vyote vinane viko mbali kabisa na meno ya msumeno. Mguu wa kwanza ukaanguka upande wa pili. Wa pili. Alipofika wa tatu Njuguna alikuwa ametoa chake nyuma ya suruali, kina mstari wa buluu, na mwenye mistari miwili myekundu ametoa chake, na wale wawili wa mwisho wanapekua maranda kwa pupa wakitafuta walikovificha. Bi Hannah alisimama na mkoba wake kifuani, akihesabu kwa macho. Watano kati ya watano.

Peres hakuona alivyovuka barabara. Alisikia honi na mtu akimtukana, na Muchiri nyuma yake akipaza sauti kwamba kazi ni yako, yote, njia yako, lakini usigongwe. Alifika bandani akihema, machozi na kicheko vimechanganyika usoni, hajali nani anaona. Alikuwa na furaha kuliko siku yoyote aliyoweza kuikumbuka.

Mashine ilizimwa. Baba yake alimtazama kidogo, kisha akampa kile kijiti mbele ya watu wote, kwa mkono wa kulia.

Kilikuwa kizito. Kwenye mpini, katikati, alikuwa ameacha nundu ya mbao, imepigwa tupa na msasa hadi ikawa laini. Peres alijaribu kukishika, hakikushikika. Nundu ilisukuma vidole vyake viwili vya kati nje. Palikuwa ni mahali pa vidole ambavyo havipo, pamejazwa vizuri, ili vitatu vilivyobaki visiwe peke yao.

"Hakikukai," Mzee Dalmas alisema. "Hicho ni cha huu mkono."

"Naona, Baba." Peres alitafuta neno la mtaalamu, neno la kazi, akapata la fundi. "Mbona hujakivisha? Si ungekiwekea sponji kidogo na kitambaa?"

Baba yake alimwangalia kama mtu aliyeuliza jambo la ajabu.

"Kitambaa mapema yote hii? Wacha kwanza nikikalie, mama." Akakichukua tena, akakizungusha, akamwonyesha kwa kidole kidogo sehemu ya chini ya mpini. "Hapa bado panauma. Na shingo ni fupi, nilikata na haraka. Una kale kakaratasi kako?"

Peres alikitoa mfukoni, cha manjano, kimejikunja pembe.

"Basi andika," Mzee Dalmas alisema, na mkono wake wa kulia ukabaki nje, juu ya meza ya mashine, huku akimtajia kasoro za kijiti moja baada ya nyingine.